Comenius, Mwalimu Aliyetaka Shule Zikomeshe Vita

Kuna neno linalosemwa mara nyingi katika mikutano ya walimu na katika mazungumzo ya wazee wa usharika, ya kuwa watu wakielimika vita vitakoma. Husemwa ya kuwa mtu humchukia mwenzake kwa sababu hamjui, na taifa huliendea taifa jingine kwa silaha kwa sababu yote mawili yamo gizani. Neno hili latupendeza sana sisi tuliopewa kazi ya kufundisha, maana latupa tumaini ya kuwa kila mtoto ajifunzaye kusoma hupunguza mkuki mmoja duniani. Lakini je, ndivyo ilivyo?

Tumeona vema kulitafuta jibu katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu aliliamini neno hilo kuliko wengi waliomtangulia na waliomfuata. Alilifanyia kazi zaidi ya miaka hamsini, akaandika vitabu vilivyosomwa karibu katika Ulaya yote. Na katika miaka hiyo yote vita havikumwacha: vilimfukuza katika nchi yake, vikamfanya mkimbizi mpaka kufa, na mara mbili vitabu vyake viliteketezwa kwa moto. Jina lake kwa lugha ya kwao ni Jan Amos Komenský, lakini wengi humwita kwa jina lake la Kilatini, Comenius.

1. Yatima wa Moravia

Comenius alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 katika Moravia, nchi ambayo siku hizi ni sehemu ya Jamhuri ya Ucheki. Wazazi wake walikuwa washiriki wa kanisa dogo lililoitwa Umoja wa Ndugu. Ndugu hao walikuwa watoto wa kiroho wa Jan Hus, yule padre Mcheki aliyechomwa moto mjini Constance mwaka 1415, miaka mia na zaidi kabla ya matengenezo ya Luther. Luther mwenyewe aliwapenda. Hata ungamo lao la imani lilipopigwa chapa Wittenberg mwaka 1538, yeye ndiye aliyeliandikia dibaji.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, Comenius alifiwa na baba, na mama, na dada zake wawili. Shangazi yake akamchukua akae kwake katika mji wa Strážnice. Hata mwaka 1605 askari waliotoka upande wa Hungaria wakauvamia mji ule na kuuchoma. Basi mtoto huyu alivijua vita kabla hajakijua Kilatini.

Alikuwa na miaka kumi na sita alipopata kuingia katika shule ya Kilatini mjini Přerov. Kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wenzake, aliyaona mambo ya shule kwa macho ya mtu mzima. Aliona wavulana wakipigwa fimbo kwa sababu hawakukariri kanuni ambazo hakuna aliyewafafanulia maana yake. Aliona miaka mingi ya ujana ikipotea, na wengi wakitoka shuleni wakiichukia elimu yenyewe. Baadaye alizifananisha shule za namna hiyo na machinjio ya akili za watoto. Tangu hapo alikuwa na nia moja moyoni, kwamba watoto wapate shule iliyo njema kuliko ile aliyoipata yeye.

Ndugu wakampeleka kusoma Ujerumani, kwanza Herborn mwaka 1611, kisha Heidelberg mwaka 1613. Mwaka uliofuata akarudi kwao kwa miguu, akafundisha Přerov, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1616. Mwaka 1618 alipewa usharika na shule ya Fulnek, naye akaoa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwenye nyumba, mke, na kazi aliyoipenda.

2. Vita vya wenye elimu

Mwaka ule ule wa 1618, tarehe 23 Mei, mabwana Waprotestanti wa Bohemia waliingia katika ngome ya Prague wakawatupa dirishani wawakilishi wawili wa mfalme pamoja na mwandishi wao. Watu hao hawakufa, lakini vita vilivyoanzia katika dirisha lile vilidumu miaka thelathini, vikaua mamilioni ya watu kwa silaha, njaa na tauni.

Hapa twawaomba wasomaji wetu waangalie jambo moja. Vita hivi havikuletwa na watu wasiojua kusoma. Ferdinand wa Pili, aliyetaka kuwarudisha Wacheki wote katika Kanisa la Roma, alikuwa amesoma katika chuo kikuu cha Ingolstadt. Na miongoni mwa viongozi wa upande wa pili alikuwamo Jan Jessenius, mganga mashuhuri, mkuu wa chuo kikuu cha Prague. Kila upande ulikuwa na wanavyuoni wake, na kila mwanachuoni aliweza kuandika kwa Kilatini kizuri sana sababu za kumwua jirani yake.

Tarehe 8 Novemba 1620, juu ya Mlima Mweupe karibu na Prague, jeshi la Wacheki lilishindwa katika muda wa saa chache. Tarehe 21 Juni mwaka uliofuata viongozi ishirini na saba waliuawa hadharani katika uwanja wa mji mkongwe wa Prague, na Jessenius alikuwa mmoja wao. Wachungaji wa Ndugu wakaanza kutafutwa. Askari wakaingia Fulnek, Comenius akakimbia. Mwaka 1622 mkewe na watoto wake wawili wadogo wakafa kwa tauni, naye yu mafichoni. Vitabu vyake vilivyobaki Fulnek vikatolewa nje vikachomwa moto.

Bwana mmoja wa Moravia, Karel wa Žerotín, aliyewahurumia Ndugu, akawaficha wachungaji kadhaa katika ardhi yake. Huko, mwaka 1623, Comenius aliandika kwa Kicheki kitabu ambacho wenzake wa lugha hiyo wakisoma mpaka leo. Ndani yake msafiri anazunguka katika mji ulio mfano wa dunia, akitazama kila kazi ya wanadamu. Anawaona askari, na kazi yao inamtia hofu. Anafika pia kwa wanavyuoni akitumaini kupata amani huko, lakini anawaona nao wakipigana, tena hawana huruma hata kwa majeruhi wala kwa wafu. Silaha zao ni ndimi na kalamu. Mwishowe msafiri anaingia katika chumba cha moyo wake mwenyewe na kumkuta Kristo humo.

Basi Comenius hakuwa mtu aliyedanganyika. Akiwa na miaka thelathini na mmoja alikwisha kuona ya kuwa elimu huweza kuwa silaha. Na mtu huyo huyo ndiye aliyetoka mafichoni na kuutumia uhai wake wote katika mambo ya shule. Kwa nini?

3. Mwanga kwa watu wote

Mwaka 1628 amri za Ferdinand ziliwalazimisha wale wasiotaka kuiacha imani yao waihame nchi. Comenius, pamoja na Dorota mke wake wa pili, alivuka milima wakati wa baridi, akaenda Leszno katika nchi ya Polandi. Hakuiona tena nchi ya Moravia kama nyumba yake. Katika Leszno alifundisha shule ya wakimbizi, na mwaka 1632 Ndugu wakamweka kuwa askofu.

Huko ndiko alikokaza fikira zake. Aliona ya kuwa elimu iliyoleta vita ni elimu ya vipande. Mmoja anajua sheria, mwingine anajua dini, wa tatu anajua mambo ya nyota, na kila mmoja hudhani kipande chake ndicho dunia nzima. Tena elimu hiyo ilikuwa mali ya wachache. Watawala waliamua, na wakulima wasiojua sababu wakaenda kufa. Dawa aliyoiona ni mwanga ulio mmoja, unaowafikia wote. Mungu, alifundisha, amewapa wanadamu vitabu vitatu: ulimwengu alioumba, akili aliyoiweka ndani yetu, na Maandiko Matakatifu. Mtu avisomaye vitatu kwa pamoja hawezi kumwona mwenzake kuwa adui wa asili.

Kwa hiyo alitaka shule kwa kila mtoto, mvulana na msichana, tajiri na maskini, mwepesi wa akili na mzito. Alizigawa ngazi nne: magoti ya mama mpaka miaka sita, shule ya lugha ya nyumbani mpaka kumi na miwili, shule ya Kilatini mpaka kumi na minane, na chuo kikuu mpaka ishirini na minne. Mtoto aanze kwa lugha ya kwao. Aonyeshwe kitu kwanza, ndipo afundishwe jina lake. Aende hatua kwa hatua, tena bila fimbo, kama mche unavyokua bila kuvutwa. Walimu wetu wasomapo haya huenda wakasema ni mambo ya kawaida. Yamekuwa ya kawaida kwa sababu ya watu kama yeye.

Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kufundishia Kilatini, chenye sentensi elfu moja katika sura mia moja, na kila sura ikieleza jambo la dunia, kama vile moto, ndege, kilimo, au ndoa. Kitabu hiki kikafasiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na baadhi ya lugha za Asia. Jina la kitabu na shauri lake la kwanza Comenius aliyapata katika kitabu cha Wajesuiti wa Ireland waliokaa Salamanca katika Hispania. Yaani, wakati majeshi ya Wakatoliki na ya Waprotestanti yalipokuwa yakichinjana, askofu mkimbizi alijifunza kwa adui zake, wala hakuona haya. Hapa elimu ilifanya kwa kweli kazi ile aliyoitumainia.

4. Milango iliyofungwa

Sifa zake zikaenea. Mwaka 1641 marafiki wa Uingereza wakamwita London, wapate kuanzisha pamoja chuo cha wenye hekima wa mataifa yote. Huko akaandika kitabu juu ya njia ya mwanga. Lakini uasi ukazuka Ireland, na mwaka 1642 mfalme wa Uingereza na bunge lake wakaingia vitani. Chuo kile hakikujengwa, na Comenius akaondoka.

Akaenda Uswidi, kwa kuwa tajiri mmoja, Louis de Geer, alikubali kumtunza. Huko alikutana na waziri mkuu Axel Oxenstierna, Mlutheri, mtu wa elimu kubwa, aliyesoma Rostock, Wittenberg na Jena. Waziri akamhoji siku kadhaa, akampa kazi ya kutunga vitabu vya shule. Comenius akakaa Elbing miaka sita akiifanya kazi hiyo iliyomchosha, akitumaini ya kuwa siku ya kufanya amani Uswidi itawatetea Ndugu warudi kwao.

Amani ikafanywa Westfalia mwezi wa Oktoba 1648. Wajumbe walikuwa watu waliosoma sana, nao walijadiliana miaka mingi. Uswidi ikapata nchi na fedha. Wakimbizi wa Bohemia na Moravia hawakupata ruhusa ya kurudi na imani yao. Comenius alimwandikia Oxenstierna kwa uchungu mwingi, lakini mambo yalikuwa yamekwisha. Mwaka huo huo Dorota mkewe akafa. Hata mwaka 1650 akaandika wasia, kana kwamba kanisa la Ndugu ni mama aliye kitandani akiwagawia watoto wake urithi kabla ya kufa.

Kati ya 1650 na 1654 alifanya kazi Sárospatak katika Hungaria, na huko akatunga kitabu chenye picha cha watoto, kilichopigwa chapa Nuremberg mwaka 1658. Kina sura mia moja na hamsini, na kila sura ina picha yake, na maneno ya Kilatini na ya Kijerumani kando kando. Kwa vizazi vingi watoto wa Ulaya walijifunza kusoma kwacho, na kila mtoto aliye na kitabu cha kwanza chenye picha hutumia mashauri yake bila kumjua.

5. Kosa la mwalimu

Sasa tumefika mahali ambapo ingekuwa rahisi kwetu kunyamaza. Lakini tukinyamaza hatutakuwa tumeyasimulia maisha yake.

Comenius alikuwa na rafiki wa utotoni, Mikuláš Drabík, mkimbizi kama yeye, aliyedai kupewa maono na Mungu. Maono hayo yalitabiri ya kuwa ufalme wa ukoo wa Ferdinand utaanguka kwa upanga, na Ndugu watarudi kwao. Comenius alisitasita, kisha akaamini. Akiwa Hungaria aliwahimiza wakuu wa ukoo wa Rákóczi wachukue silaha. Mwalimu yule aliyewakataza walimu kumpiga mtoto kwa fimbo aliwaomba wakuu wautumie upanga.

Tena mwaka 1655 Karl Gustav, mfalme wa Uswidi, aliivamia Polandi. Polandi ndiyo nchi iliyowapokea Ndugu miaka mingi. Lakini mfalme alikuwa Mprotestanti mwenye nguvu, na tumaini la kurudi nyumbani likaamka. Comenius akaandika kitabu cha kumsifu mfalme huyo kama mkombozi, nacho kikapigwa chapa. Watu wa Leszno wakawafungulia Waswidi malango ya mji.

Mwezi wa Aprili 1656 Wapolandi wakarudi. Wakazi wakakimbia na walichoweza kubeba mikononi, mji ukachomwa. Nyumba ya Comenius ikateketea pamoja na maktaba yake na karibu maandiko yake yote. Humo ilikuwamo kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoikusanya zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Inasemekana hasara ya kamusi ile ndiyo iliyomliza kuliko nyingine.

Tusimhukumu kwa haraka, sisi ambao hatujafukuzwa katika nchi yetu. Lakini tusilifiche kosa. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa wenye elimu nyingi wa siku zake, tena aliipenda amani kwa moyo wake wote. Wala elimu haikumzuia kuufurahia upanga ulipoonekana kuwa upande wake. Alijua kusoma lugha nyingi, lakini katika saa ile hakuisoma hofu yake mwenyewe, wala machungu ya mkimbizi yaliyokuwa ndani yake. Hatuwezi kusema hata ya kuwa aliungama kosa hilo waziwazi. Maana mwaka 1665 aliyatoa tena maono yale katika chapa. Kaburi lake lilikuwa halijatimiza mwaka mmoja, Drabík alipokatwa kichwa mjini Pressburg.

6. Kazi ya uzeeni

Kutoka Leszno Comenius alikwenda Amsterdam, na mwana wa Louis de Geer akampokea. Mji ule ukamheshimu, na mwaka 1657 vitabu vyake vyote vya ualimu vikatolewa kwa pamoja. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ni kitabu kikubwa chenye sehemu saba juu ya kuyatengeneza mambo yote ya wanadamu. Alikuwa amekianza Elbing, akakiendeleza mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika kitabu hicho shule hazisimami peke yake. Comenius anataka mabaraza matatu ya ulimwengu wote. La kwanza ni la wenye elimu, liangalie shule na vitabu. La pili ni la makanisa, lihimize imani na utakatifu wa maisha. La tatu ni mahakama ya amani, iamue magomvi ya mataifa kabla hayajafika vitani. Hakuna moja linaloweza kufanya kazi ya lingine. Elimu bila mahakama haina mkono wa kumzuia mwenye nguvu, na mahakama bila dhamiri njema ni chombo cha mwenye nguvu huyo huyo.

Mwaka 1667 Waingereza na Waholanzi, mataifa mawili ya Kiprotestanti yaliyopigana kwa ajili ya biashara ya bahari, walituma wajumbe wao Breda kufanya amani. Mzee yule akawaandikia kitabu kidogo, akiwasihi waache kugombania utajiri ambao Mungu ameuweka baharini wa kuwatosha wote. Safari hii hakumsifu mfalme wa upande wowote.

Mwaka 1668 akakipiga chapa kile kitabu alichokiandika London juu ya njia ya mwanga, akakitoa kwa heshima ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi kilichokuwa kimeanzishwa huko. Aliwasifu kwa bidii yao ya kuchungua viumbe. Lakini akawaonya ya kuwa wakiishia katika mambo ya asili tu, wala wasipande mpaka kwenye mambo ya roho na ya maisha mema, kazi yao itakuwa Babeli iliyopinduliwa, yaani mnara unaojengwa kuelekea chini. Mwezi wa Agosti 1945 miji ya Hiroshima na Nagasaki iliangamizwa kwa mabomu yaliyoundwa na baadhi ya wanasayansi wakubwa wa karne ile, na wengi wao walikuwa watu wapole nyumbani kwao. Asomaye onyo la Comenius leo hataliona kuwa la kizamani.

Comenius alifariki Amsterdam tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden. Aliwaagiza warithi wake wakimalize kile kitabu kikubwa na kukitoa. Hawakuweza. Maandiko yake yakafika Halle, katika nyumba ya yatima iliyojengwa na August Hermann Francke, Mlutheri mwenzetu, yakakaa humo yamesahauliwa mpaka yalipogunduliwa katika miaka ya 1930. Kitabu kizima kilipigwa chapa Prague mwaka 1966, karibu miaka mia tatu baada ya kifo chake.

7. Basi tuseme nini?

Turudi kwenye swali letu. Je, elimu hupunguza vita? Maisha ya Comenius hayatupi ruhusa ya kujibu kwa neno moja.

Kwanza, tusiseme ya kuwa elimu peke yake huleta amani. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushuhuda. Mwaka 1994 Watutsi wa Rwanda, pamoja na Wahutu waliokataa kuua, waliuawa kwa maelfu mengi. Mwaka 2003, mjini Arusha, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani mwalimu wa historia wa chuo kikuu, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa redio iliyoeneza chuki ile. Mwaka 2007 adhabu yake ilipunguzwa katika rufani, lakini hatia ya uchochezi haikuondolewa yote. Mtu huyo hakukosa shule. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho zamani juu ya maarifa yasiyo na upendo, nasi tumeona matunda yake.

Pili, tusiseme kwa hiyo ya kuwa shule ni bure. Waliomfuata mfalme bila kujua sababu walikuwa wengi zaidi kwa sababu walinyimwa shule. Mtu asiyeweza kusoma hana njia ya kuyapima maneno ya redio wala ya mhubiri. Na Comenius aliyejifunza kwa kitabu cha Wajesuiti alituonyesha ya kuwa elimu ni moja ya njia chache ambazo adui wawili huweza kukutana bila silaha.

Tatu, na hili ndilo tunalowaachia wainjilisti na walimu wetu: tuangalie tunachofundisha juu ya jirani. Mtoto aweza kujua hesabu na kusoma vizuri, huku akisikia kwetu kila siku mzaha juu ya kabila la pili, au dharau juu ya dini ya pili. Hapo tumemnolea kisu. Na sisi wenyewe tujichungue, maana Comenius hakuanguka mahali pa ujinga wake. Alianguka mahali pa tumaini lake, upande wake ulipoanza kushinda.

Tumalizie kwa habari moja ya kutufariji. Mwaka 1722 wakimbizi wachache kutoka Moravia, wazao wa Ndugu, walifika katika ardhi ya Bwana Zinzendorf huko Ujerumani wakajenga Herrnhut. Mwaka 1735 askofu wao wa kwanza aliwekewa mikono na Daniel Ernst Jablonski, mwana wa binti yake Comenius. Kanisa lile ambalo mzee alikuwa amekwisha kuliandikia wasia wake likafufuka. Mwaka 1891 wajumbe wake walifika Rungwe, kaskazini ya ziwa Nyasa, na mwaka huo huo wamisionari Walutheri wa Berlin wakaingia katika nchi ile ile. Hawakuigombania. Wakapatana mpaka wa kazi zao, kila mmoja akajenga shule yake, wakawafundisha watoto kwa lugha za nyumbani, kama Comenius alivyotaka.

Katika nchi yake siku aliyozaliwa, tarehe 28 Machi, ni Siku ya Walimu. Walimu wetu wakiikumbuka siku hiyo wamshukuru Mungu kwa ajili yake. Na wakikumbuka pia moto wa Leszno, wamwombe awape mwanga pamoja na moyo safi wa kuutumia.